Mistari Miwili, Maelezo Sifuri

Jamani, sisi wa homa ya ini tunapimwa nini hasa? Tunatoa damu, tunakaa benchi, tunakabidhiwa karatasi ya herufi zisizosomeka na neno moja: positivu. Anayefuata!

Mwenzetu mmoja alikuwa aende Uarabuni kufanya kazi za ndani. Kadi ya kipimo cha haraka ikaonyesha mistari miwili, yaani kingamwili za homa ya ini C, safari ikafia hapohapo. Nani alimwambia kwamba kingamwili hizo hubaki mwilini miaka mingi hata kirusi kikishaondoka, na kwamba watu wasiopungua 15 kati ya 100 hukitoa wenyewe bila dawa? Kama kirusi kipo leo, cha kujibu ni kipimo cha PCR. Hakikufanywa. Na pesa ya wakala, mnajua wenyewe, hairudi.

Wapo pia waliomeza vidonge wakapona kabisa, maana dawa za siku hizi huponya zaidi ya 95 kati ya 100. Wakigusishwa kadi tena, mistari miwili ileile. Wakamweleze nani?

Ukija homa ya ini B, mambo yanapinduka. Huku kingamwili za ganda la kirusi ni habari njema: umechanjwa, au uliugua ukapona. Za kiini zinasema uliwahi kukutana na kirusi chenyewe, kwani chanjo haizileti. Usugu nao hautajwi na kingamwili. Unatajwa na antijeni ya ganda ikionekana kwenye damu zaidi ya miezi 6. Haya tumeyapata kwa kudodosa. Mtaani kwetu kuna mama katengewa sahani na mawifi zake kwa sababu ya kingamwili za chanjo! Na hata angekuwa mgonjwa, sahani haiambukizi homa ya ini B.

Hatusemi kadi zitupwe. Ni rahisi, zinachuja wengi kwa muda mfupi. Ila mtu akishachujwa apelekwe mbele, asiachwe mlangoni na karatasi yake. Mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu inaweza kupima wingi wa virusi hivi pia, ikipewa katriji zake. Tukiziulizia, tunaambiwa nendeni hospitali kubwa. Tunakopa nauli, tunakwenda. Na huko wanaanza na kadi.