Mwenyeji hakuonja

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne taharuki ni nini, atakupa jibu la alama zote: ni hamu ya msomaji kutaka kujua kitakachofuata. Sasa muulize inajengwaje. Atatazama dari. Nimefundisha fasihi Muleba, mkoani Kagera, mpaka nikastaafu, na kitabu kilichonisaidia kuliko vyote kwenye swali hilo hakijawahi kuwa kwenye orodha ya vitabu vya mtihani. Ni Dracula, riwaya ya Bram Stoker wa Ireland, iliyotoka London mwaka 1897. Niliisimulia kwa Kiswahili, sura baada ya sura, kwenye vipindi vya mwisho vya Ijumaa, saa ambayo hata Shakespeare mwenyewe asingesikilizwa.

Wengi wanaijua kwa filamu: meno, joho jeusi, popo. Kitabu ni habari nyingine. Jonathan Harker, wakili kijana wa Uingereza, anasafiri hadi Transylvania kukamilisha mauzo ya nyumba anayoinunua kabaila mmoja. Anafika usiku. Mwenyeji anamfungulia mlango kwa mkono wake, anamkaribisha mezani penye kuku wa kuokwa na mvinyo, kisha anaomba radhi kwamba yeye ameshakula. Anakaa kumtazama mgeni akila. Nilipofika hapo, binti mmoja wa Kamachumu akasema bila kunyoosha mkono: "Waitu mwalimu, huyo hakuonja." Darasa zima likaguna.

Kwa msomaji wa London huyo ni mzee mwenye saa zake za kula. Kwa Mhaya kesi imeshaanza. Kwetu anayekukaribisha rubisi hupiga funda la kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Asiyeonja ana jambo. Harker hajui; anakula na kushukuru. Kurasa chache baadaye atajitazama kwenye kioo akinyoa ndevu na kukuta mwenyeji aliyesimama nyuma yake haonekani humo, lakini watoto wangu walikuwa wameshatangulia. Walijua kabla ya mhusika na hawakuwa na njia ya kumwambia. Hapo sikuhitaji tena kuwaandikia maana ya taharuki ubaoni.

Tukaenda kwa wahusika. Vitabu vya uhakiki vingewataka wamtaje Dracula kuwa mhusika mkuu, kisha waorodheshe sifa zake. Lakini baada ya sura nne za mwanzo kabaila huyo karibu anatoweka. Riwaya yote ni shajara, barua, telegramu na vipande vya magazeti, na karibu zote zimeandikwa na wengine, si yeye. Daktari Seward anarekodi sauti yake kwenye fonografu. Nahodha wa meli Demeter, inayomvusha kabaila kwenda Uingereza, anaandika jinsi mabaharia wake wanavyopotea mmoja mmoja, hadi meli inapokwama pwani ya Whitby na yeye maiti, mikono imefungwa kwenye usukani. Anayeogopwa tunamjua karibu kwa maandishi ya wengine tu.

Mgogoro je? Wanafunzi husema ni wema dhidi ya uovu, na mimi huwanyima alama. Tazama kifo cha Lucy Westenra, binti ambaye kabaila anamnyonya damu usiku. Anapauka siku hadi siku. Wanaume wanne kwa zamu wanamtolea damu (Stoker hakujua habari za makundi ya damu, yaligunduliwa miaka michache baadaye, kwa hiyo tumsamehe). Profesa Van Helsing anajaza maua ya vitunguu saumu chumbani na kufunga madirisha. Usiku mama yake Lucy anaingia, anaona maua yananuka, anayaondoa na kufungua dirisha ili mwanawe apate hewa. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu ana ugonjwa wa moyo na walitaka kumhurumia. Baadaye wanamtoa Mina, mke wa Harker, kwenye vikao vyao kwa huruma ileile, na ni katika siku hizo kabaila anamfikia.

Huku kwetu hilo halihitaji maelezo marefu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu wa Kagera, mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizopendwa wakati huo, na wapo waliosema ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliodhulumiwa. Ndani ya nyumba watu walinyamaza ili wasimwogopeshe mjane.

Miaka hiyohiyo ya themanini zilienea hadithi za damu. Ilisemwa kuna matajiri wa mjini wanaowavuta watu ndani na kuwanyonya damu kwa umeme, wakati sisi vijijini tulisomea koroboi. Brad Weiss, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi na Wahaya, aliziandika hadithi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1996. Ukizipima kama fasihi zina kila kitu: mhusika tajiri, mgeni aliyekaribishwa, mlango unaofungwa. Aliyeona hayumo. Kuna aliyeambiwa na shemeji yake, ambaye naye aliambiwa sokoni.

Mzazi mmoja wa Nshamba alinilalamikia kwamba nawajaza watoto mambo ya mumiani. Nilimjibu kwamba mumiani aliingia nyumbani kwake zamani, bila kitabu. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodai kuwa ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Kabaila wa Stoker naye anasafiri na masanduku 50 ya udongo, lakini waliomwinda kwanza walisoma hati za usafirishaji na kuhoji wachukuzi.

Ndiyo maana shujaa wangu ni Mina, mwalimu wa shule mwenye taipureta. Anakusanya shajara za wote, anazipiga chapa na kuzipanga kwa tarehe, kila mtu na alichokiona yeye. Tangu hapo mwindaji anageuka mwindwa. Machi 2023 Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini, ikiwa imeshaitwa ugonjwa usiojulikana, wahudumu wa afya walifanya kazi ya namna hiyo nyumba kwa nyumba: nani alimgusa nani, siku gani. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha.

Sisemi vitabu vya mtihani vipangwe kwa matakwa yangu. Ila mwalimu wa Muleba au Bukoba mwenye kipindi cha Ijumaa kinacholala anaweza kujaribu, na swali la mwisho namwazima:

Lucy Westenra alikufa katikati ya watu waliompenda. Eleza, kwa mfuatano wa tarehe, nani alijua nini na kwa nini hakusema. Alama 20.