TAMKO LA TAWI KUHUSU MITARO YETU KABLA YA MASIKA



Kamati ya tawi ilikaa Jumapili iliyopita. Ajenda ya tatu ilikuwa mazingira, tukadhani itakula dakika kumi. Ilikula saa mbili na ikaisha watu wamenuniana. Idara ya Uenezi imeagizwa iwaeleze wanachama wote kilichozungumzwa na msimamo wa tawi, kabla maneno hayajageuzwa vijiweni.

Ugomvi ulianza hivi. Mama mmoja anayeishi bondeni, hatua chache kutoka Mto Ng'ombe, alisema, "Nyie wa juu mnatupa, sisi wa chini tunalala nazo." Mwenzetu wa juu akamjibu kwamba waliojenga bondeni wamejitakia, sheria ipo. Kweli ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini sheria hiyo hiyo inakataza pia kutupa taka ovyo, na ndugu yetu hapo alipapita kimya kimya.

Suala la nani ahame na nani abaki lina vikao vyake. Wengine wetu tuna ndugu waliopewa viwanja Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, tunajua kuhama kulivyo. Tamko hili linahusu kitu kidogo zaidi: pampasi.

Naam, pampasi. Vijana wetu walipozibua kalavati la chini walitoa pampasi, mifuko, mashati, vifuu vya madafu, chupa za maji na nusu ya godoro. Kalavati lile linapokea maji kutoka juu. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo godoro lile halikutoka bondeni.

Tukumbushane taka hizo zinakwenda wapi zikishapita hapo. Mtaro wetu unaingia Mto Ng'ombe, na Mto Ng'ombe unaingia Msimbazi. Serikali imetumia fedha za mkopo, kupitia mradi wa DMDP, kuujengea Mto Ng'ombe kingo za zege. Zege linazuia mmomonyoko, lakini halizoi taka. Msimbazi unamwaga baharini pale Daraja la Salender, kwenye mikoko. Mnaopita na daladala mmeiona ile mizizi yenye mifuko imening'inia kama nguo kwenye kamba. Kwenye mizizi ile ndiko wanakokulia kamba na samaki wadogo kabla ya kwenda maji makubwa. Mnapolalamika kwamba fungu la dagaa limekuwa dogo na bei imepanda, sababu ni nyingi, lakini mojawapo sisi tunaisukuma kwa mguu kila mvua ikianza.

Kuna jambo jingine ambalo kikaoni lilisemwa kwa kunong'ona, na hapa tunalisema wazi. Kuna nyumba zinatapisha vyoo mvua ikinyesha usiku. Tunajua gharama ya gari la kunyonya, na tunajua wapangaji hawana sauti kwa mwenye nyumba. Lakini kipindupindu hakiulizi nani mpangaji. Mpangaji ambaye choo chake kimejaa na mwenye nyumba hataki kusikia, aje kwa katibu. Tutakwenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa, jina lake halitatangazwa kwenye kundi hili.

Wanachama wengi waliuliza swali la haki: gari la taka lisipokuja wiki mbili, tuziweke wapi? Wapo waliolipa na hawakuhudumiwa. Tawi halitamwambia mtu akae na uvundo ndani kwa ajili ya uzalendo. Mwenyekiti na katibu watakwenda ofisi ya mtaa Jumatano kuomba ratiba ya magari iandikwe na ibandikwe ukutani. Mwenye risiti aipige picha aitume kwa katibu, maana ukienda bila risiti unaonekana umekwenda kupiga domo. Wakati tunasubiri, tenganisha. Maganda ya ndizi na viazi yakitolewa, na chupa wakipewa vijana wanaookota za kuuza, kinachobaki ndani ya kiroba ni kidogo na hakinuki sana. Pampasi zifungwe zisubiri gari.

Na sisi viongozi tusijifanye wasafi. Baada ya mkutano wetu wa hadhara uliopita uwanja ulibaki mweupe kwa chupa, na mvua ya usiku ule ilizipeleka tunakokujua. Kuanzia sasa vikao vya tawi vitakuwa na ndoo ya maji yenye koki na vikombe. Aliyezoea maji ya chupa aje nayo na aondoke nayo.

Kuhusu mifuko: katazo la Juni 1, 2019 lilitufanya tutoe vikapu vya mama zetu stoo. Sasa taratibu tumerudi kubebea nyanya za mia tano kwenye vile vifuko laini visivyo na mshikio. Kikapu kipo nyuma ya mlango, kitoke.

Mkaa ulizua zogo la pili, dogo. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ambayo imekatwa mkaa kwa miaka mingi kwa sababu jiji liko karibu. Mti uliokuwa unashika maji kule ukigeuzwa mkaa, maji yanateremka kwa kasi mpaka huku. Mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sawa, lakini mama lishe wetu hawezi kuchemsha maharage ya watu arobaini kwa mtungi mdogo akabaki na faida. Hatumlaumu. Tunachomwomba ni kuloweka maharage usiku kucha, kutumia jiko banifu, na gesi iwe ya chai na mboga. Wenye vikundi vya kukopeshana wafikirie kununua mitungi kwa zamu, kama wanavyonunuliana vyombo.

Miti tumeshapanda mara tatu. Tukapiga picha, mbuzi wakala. Safari hii ni miche sita tu ya mwarobaini na mkungu, kila mmoja una nyumba yake ya kuumwagilia, na orodha iko kwa katibu wa vijana. Mnaoweka pevingi uani, acheni walau ukanda mmoja wa udongo maji yazame.

Usafi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 12:30 asubuhi, kalavati la chini. Njoo na jembe, reki, viroba, na mabuti kama unayo. Usije na ndala, kuna vioo. Sare ya chama si lazima, kwa sababu majirani wa vyama vingine wamealikwa na wamekubali. Yule mama wa bondeni na yule ndugu wa juu wamepangwa kundi moja.

Imetolewa na:
Idara ya Uenezi, Tawi
Kinondoni, Dar es Salaam