Kadi Ilipendeza, Shangazi Akapotea

Hivi wewe na mwenzi wako mmewahi kununiana kwa sababu ya herufi? Sisi tumewahi, tena wiki ya harusi yetu!

Mimi nilitaka kadi ya mwaliko iandikwe kwa Bodoni. Herufi hizi unazijua hata kama jina hulijui: mstari mmoja mnene, mwingine mwembamba kama uzi. Majarida ya mitindo Vogue na Harper's Bazaar huandika majina yao kwa Didot, ndugu yake wa Ufaransa. Majina yetu yalipokaa juu ya kadi, makubwa na meusi, nikajiona nimefika. Mchumba akauliza, "Mpenzi, haya maandishi madogo ya chini mbona yanafifia?" Nikamwambia hajui mambo ya kisasa.

Basi bwana! Ndoa ilikuwa Jumamosi tarehe 14. Jumatano tarehe 11, shangazi aliyemlea mchumba wangu akapiga simu. Yuko kanisani peke yake, zawadi mkononi, ametoka Tanga na basi la alfajiri.

Tukaiangalia kadi yake. Namba 4 ya Bodoni ina mguu mmoja mnene, mistari mingine ni uzi mtupu. Kwa saizi ndogo, kwenye karatasi isiyo laini, uzi ule haukushika wino. 14 ikasomeka 11.

Mchumba hakunifokea. Alinyamaza siku nzima, na ukimya ule uliniuma kuliko kelele.

Baadaye nikasoma habari za Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma, Italia. Enzi zake kila saizi ya herufi ilichongwa peke yake, na yeye alipenda karatasi laini. Sisi tunachukua herufi ya kichwa cha habari, tunaiminya kwenye kompyuta, halafu tunashangaa! Bodoni alifariki mwaka 1813 kabla kitabu chake kikubwa cha sampuli za herufi hakijatoka. Mkewe, Margherita Dall'Aglio, ndiye aliyekikamilisha na kukitoa mwaka 1818, juzuu mbili. Huyo ndiye mwenzi.

Kwa hiyo wewe unayepanga kadi, Bodoni iweke kwenye majina tu. Tarehe, saa, ukumbi na namba ya simu ya michango, tumia herufi za kawaida. Chapisha kadi moja kwanza, kwenye karatasi ileile, mpe mtu mzima aisome bila miwani. Na mwenzi wako akisema haoni vizuri, usimwone mshamba. Msikilize.

Shangazi nilimpigia magoti kumwomba radhi. Akacheka, "Mwanangu, mimi nimewahi tu." Alikaa kwa mama mkwe mpaka Jumamosi, na kanisani tukampa kiti cha mbele kabisa.