Jitenge, lakini wapi?

Muhula huu tumeugua tetekuwanga. Tunasema "tumeugua" kwa sababu alianza mmoja, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa wagonjwa watatu katika nyumba ile ile ya chumba na sebule, mtaa wa Urusi, International City. Msomaji asiyekaa huku asishangae: mitaa yetu imepewa majina ya nchi. Tunalala Urusi, tunanyoa nywele Ufaransa, na anayetaka sufuria ya bei nafuu huenda Dragon Mart kwa Wachina.

Mwenzetu wa kwanza alipotokwa na vipele alifanya kila alichotakiwa kufanya. Alikwenda kliniki, akakipiga picha cheti cha daktari, akakituma chuoni. Jibu lilikuja siku ile ile, na lilikuwa la heshima. Lilimtakia afueni, likamwagiza akae katika chumba chake peke yake, atumie bafu lake peke yake, ajiepushe na wajawazito, na asirudi darasani mpaka malengelenge yote yakauke. Kitabibu hakuna neno la kupinga hapo. Tulilisoma pamoja sisi watano, tumekaa juu ya vitanda vya dabodeka, mgonjwa mwenyewe akiwa kitanda cha chini.

Hilo ndilo jambo letu leo. Chuo kinapokabili ugonjwa wa kuambukiza, kinamwandikia mwanafunzi ambaye ana chumba. Sisi hatuna chumba, tuna kitanda. Nyumba nyingi za huku zilijengwa kuwa studio au za chumba kimoja cha kulala, na kodi ya nyumba kama hiyo mwanafunzi hawezi kuilipa peke yake. Chumba cha kujitenga hakimo hata kwenye ramani ya jengo.

Tetekuwanga nayo haingoji barua. Mtu huanza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla kipele cha kwanza hakijaonekana, na aliyeambukizwa huchukua siku 10 hadi 21 kabla hajaugua. Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Katika nchi za baridi, kabla ya chanjo kuenea, karibu kila mtu aliugua tetekuwanga utotoni ikaisha. Katika nchi za joto wengi hufika utu uzima bila kuipata, na mtu mzima huumwa zaidi kuliko mtoto. Chanjo yake haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto Tanzania wala Kenya. Kwa hiyo darasani, wanaofaa kuulizwa kwanza ni sisi. Tulipokuja kufuatilia visa tulipigwa picha ya kifua na kutolewa damu. Kuhusu tetekuwanga hakuna aliyetuuliza, wala siku ya kujiandikisha chuoni.

Tunajua yapo magonjwa makubwa kuliko hili, na la mwaka 2020 limewahi kutupitia hapa hapa. Waliotutangulia katika chama hiki bado wanasimulia. Vyuo vya Imarati vilifungwa Machi 8, na kuanzia Machi 22 masomo yakawa ya mtandaoni. Mwisho wa mwezi ikatangazwa kwamba itakuwa hivyo hadi mwaka wa masomo uishe. Kwa upande wa masomo, kazi ilifanyika vizuri na haraka, mpaka programu za kupigiana simu za video ambazo kwa kawaida hufungwa nchini zikaruhusiwa ili watu wasome. Lakini Machi 25 ndege za abiria zilisimama, na siku hiyo hiyo Kenya nayo ilifunga anga lake kwa safari za nje. Kisha Aprili 4 Dubai yote ikafungwa usiku na mchana. Kutoka nje kulihitaji kibali, na kwenda kununua chakula aliruhusiwa mtu mmoja tu wa familia. Sasa watu sita waliokutana kwenye tangazo la vitanda, mmoja Mpemba, mmoja wa Goma, mmoja wa Kisumu, na wengine hawajuani vizuri hata majina, mkuu wa familia ni nani?

Nyumbani wakati ule vyuo vilikuwa na neno moja la kusema: rudini makwenu. Tanzania ilifunga vyuo katikati ya Machi, wanafunzi wakafunga mabegi wakapanda mabasi, na Juni 1 wakaitwa tena. Unaweza kuulaumu uamuzi ule, kwa maana basi la kwenda Mwanza nalo ni mahali pa kuambukizana, lakini walau kulikuwa na kwao pa kurudi. Wuhan ilikuwa vingine. Mji ulifungwa Januari 23 hadi Aprili 8, na vijana wetu kutoka Kenya na Tanzania walikuwamo ndani. Walilalamika sana kwamba serikali zao haziwarudishi, na walikuwa na haki ya kulalamika. Ila wengi walikaa katika mabweni ya vyuo, chuo ndiye mwenye nyumba wao, kikajua nani yuko mlango upi.

Mwanafunzi wa International City hana basi la kurudi kwao wala bweni. Chuo kina namba yake ya simu, na kina anwani aliyoiandika mwaka wa kwanza, ambayo ameshaihama mara mbili.

Na kwa nini hakusahihisha anwani? Tuseme ukweli. Anaogopa. Manispaa ya Dubai imekuwa ikivifuatilia vyumba vilivyogawanywa kwa mbao na nyumba zilizojazwa watu, na mwaka 2025 msako ulikazwa. Sababu ya manispaa ni usalama, hasa moto, na hatubishani nayo. Lakini mwanafunzi anayejua kwamba jina lake halimo kwenye mkataba wa nyumba hawezi kukiandikia chuo kwamba analala na wenzake wanne. Ndiyo maana mgonjwa wetu wa pili alinyamaza siku mbili. Alivaa shati la mikono mirefu akaenda kufanya jaribio, kwa sababu siku za kukosa darasa zinahesabiwa, na visa yake iko chini ya udhamini wa chuo hicho hicho kinachozihesabu. Tulijua na hatukumzuia. Kosa hilo ni letu, na kama kuna mwanafunzi mwenzetu aliyelipata kwake tunamwomba radhi hapa.

Wapo wanaosema: ninyi ni watu wazima, mmechagua wenyewe kukaa mbali kwa sababu ya unafuu, chuo si mama yenu. (Mama zetu, kwa taarifa, walishauri kwa simu tumwogeshe mgonjwa kwa majani ya mwarobaini, na mwarobaini umejaa kando ya barabara za Dubai, lakini nani atakata tawi la mti wa manispaa?) Kweli chuo si mama. Lakini ni mdhamini wetu mbele ya serikali, na kinajua vizuri kwamba mabweni yake hayatoshi wala hayalipiki kwa kila mtu. Anayemwalika mgeni akijua hana pa kumlaza hawezi kusema usiku ukiingia kwamba hilo halimhusu.

Tunachoomba si hospitali. Chuo kikikodi studio mbili huku kwetu, au kikiacha vyumba viwili vya bweni vitupu, mgonjwa akapata pa kukaa juma moja, wenzake wanne watapona kabla hawajaugua. Siku za ugonjwa zisihesabiwe kuwa utoro, na jaribio lirudiwe bila mtu kupiga magoti. Wakati wa kujiandikisha waulize maswali mawili tu, umechanjwa nini na mnalala wangapi, na la pili lijibiwe bila jina na karatasi isitoke idara ya afya. Hilo la mwisho ndilo gumu, tunajua, maana linahitaji tuaminiane. Tuko tayari kuanza sisi: katika barua tuliyoipeleka ofisi ya wanafunzi tumeandika idadi yetu, watano, chumba kimoja, bafu moja.

Hatujajibiwa. Mgonjwa wa tatu yuko sebuleni nyuma ya pazia tulilolifunga kwa kanga mbili, malengelenge ya mgongoni bado mabichi, na mtihani wa katikati ya muhula ni Jumatatu. Mwenye nafasi ya kulaza mtu mmoja kwa siku nne, hata kama ni godoro tu, awe ameshaugua tetekuwanga yeye na anaokaa nao, awasiliane na katibu wa chama. Chakula tutaleta sisi.