TUSIMUCHEKE MWENYE KUANZA

Mwaka wa 2023 kiwanda cha Harman, kule Mobberley katika Uingereza, kidogo sana kando ya Kodak, kilitoa filme yake ya kwanza ya rangi: Phoenix 200. Mbele kilijulikana kwa filme nyeusi na nyeupe. Rangi ni kazi ngumu, matabaka mengi membamba. Picha zilitoka na punje kubwa, na wenyewe walisema wazi: haijatimia. Watu wakanunua vilevile. Mwaka wa 2025 ikatoka Phoenix II, nzuri zaidi.

Na sisi? Mwenzetu akipika sabuni, ikakataa kuganda, tunamucheka mpaka anaacha. Kisha tunanungunika kwamba kila kitu kinatoka ngambo. Tununue sabuni yake, tumuambie kasoro, apike tena.