Maumivu ya shingo: Kisu kitangulie?

Siku hizi si ajabu kuombwa mchango kwa ajili ya mgonjwa ambaye diski ya shingo imetoka, na ambaye ameambiwa hana budi kupasuliwa upesi. Jamaa huuza ng'ombe, wengine hata shamba. Ni wachache wanaodiriki kumwuliza daktari iwapo upasuaji huo ni wa lazima.

Diski ni mfano wa mto mdogo ulio kati ya pingili mbili za uti wa mgongo. Ikipasuka, sehemu laini ya ndani huchomoza na kuubana mshipa wa fahamu uendao mkononi. Maumivu hushuka kutoka shingoni hadi vidoleni, yakiandamana na ganzi. Ni maumivu makali, wala simlaumu anayetaka yakomeshwe leo hii. Lakini mara nyingi uvimbe huo hunywea wenyewe, na wagonjwa wengi hupata nafuu baada ya majuma au miezi kadhaa kwa dawa za maumivu na mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa viungo.

Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka wa 1997 uliwagawanya kwa kura wagonjwa 81 waliosumbuliwa kwa muda mrefu na mshipa wa shingo uliobanwa. Baadhi walipasuliwa, wengine wakapewa mazoezi, na wengine wakavishwa kola. Waliopasuliwa walitangulia kupata nafuu, lakini baada ya takriban mwaka mmoja makundi hayo hayakutofautiana kwa maumivu.

Hii haina maana kwamba kisu hakina mahali pake. Mgonjwa anayeyumba akitembea, anayeshindwa kufunga vifungo vya shati, au ambaye mkono wake unazidi kulegea, asiambiwe avumilie. Huenda ugwe wa mgongo wenyewe umebanwa, na kuchelewa kwaweza kumwachia ulemavu wa kudumu.

Kinachotutatiza hapa nchini ni nauli. Mazoezi humtaka mgonjwa afike hospitalini mara kwa mara, ilhali upasuaji huonekana kuwa gharama ya siku moja, tena yenye kuchangiwa na ukoo mzima. Nani ataitisha harambee ya nauli ya matatu? Bima ya afya iliyoichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024 yapasa kuyagharamia mazoezi haya karibu na wananchi, na kabla ya kulipia kisu kisicho cha dharura, idai maoni ya daktari wa pili.