Imani ni Mkongojo, si Kitanda

Wapo watu wanaosema kuwa Mkristo akipatwa na shida anyamaze tu, amwachie Mungu. Mimi ni Mkristo tangu utoto wangu. Lakini maneno hayo siyakubali. Nitakueleza sababu.

Kwetu ni Ugogo, mkoa wa Dodoma. Tunalima mtama na uwele. Mvua zetu ni haba. Mwishoni mwa mwaka 2005 mvua zilichelewa sana. Mwaka 2006 tulivuna madebe machache tu. Mwaka huo huo mume wangu akaanza kukohoa. Alikohoa mwezi mzima. Akakonda. Usiku alitoka jasho, shuka likalowa.

Tulikwenda hospitali. Makohozi yake yalipimwa, akaonekana ana kifua kikuu. Mganga alitwambia, "Dawa ni za bure. Lakini lazima azimeze mpaka siku ya mwisho, hata akijiona amepona."

Baada ya miezi 2 mume wangu alipata nafuu. Kikohozi kilipungua. Alianza kula vizuri. Ndipo mtu mmoja tuliyesali naye akamwambia, "Mungu amekwisha kukuponya. Ukiendelea na vidonge, basi huna imani." Mume wangu akaacha dawa. Mimi niliona, nikanyamaza. Nilidhani kunyamaza ndiyo imani.

Ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Mama mkwe, tuliyeishi naye nyumba moja, naye akaanza kukohoa. Alikuwa mzee, na njaa ilikuwa imemdhoofisha. Tulimwombea usiku na mchana. Hatukumpeleka hospitali mapema. Akafariki.

Baada ya mazishi sikuweza kusali. Kila nikipiga magoti, maneno yalinikwama kooni. Nilijificha nyumbani. Nilichemsha maji matupu jikoni, ili majirani waone moshi na kudhani tunapika. Nilikuwa na watoto 4, na haya ilinizidi kuliko njaa.

Mzee mmoja wa kanisa akaja kutujulia hali. Aliona chungu. Hakunilaumu. Alisema, "Mwanangu, Mungu haogopi machozi yako. Mwambie yote, hata uchungu ulio nao. Kisha inuka. Mgonjwa anangoja dawa, na watoto wanangoja chakula."

Wakati ule nilikuwa nimejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Usiku nilifungua kitabu cha Ruthu. Nilikisoma polepole, neno kwa neno. Naomi alihama kwao kwa sababu ya njaa, akaenda Moabu. Huko akafiwa na mumewe na wanawe 2. Aliporudi Bethlehemu alisema mbele ya watu kuwa Mungu amemtia uchungu. Hakuficha. Naye Ruthu, mkwewe, alikwenda shambani kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Chakula hakikushuka kutoka mbinguni. Kilitoka katika mikono ya Ruthu, na katika wema wa Boazi, mwenye shamba.

Nilifunga kitabu, nikaelewa. Imani haikuwakalisha chini wanawake wale. Iliwainua.

Kesho yake nilimwambia mume wangu turudi hospitali. Alikubali. Safari hii, pamoja na vidonge, alichomwa sindano kila siku kwa miezi 2. Baadaye, kila asubuhi tulisali pamoja, kisha akameza dawa mbele yangu. Nikaweka alama katika daftari. Siku moja, alama moja.

Kisha niliwaeleza wanawake wenzangu hali yetu. Ilikuwa vigumu kufungua kinywa. Lakini walikuja 8 na majembe yao. Watatu kati yao walikuwa Waislamu. Walinilimia ekari moja. Mwingine alileta mlenda mkavu, mwingine kibaba cha mtama. Mimi nilifanya vibarua. Watoto hawakuacha shule.

Mume wangu alipona. Kifua chake hakikurudia nguvu za zamani, lakini yu hai. Mama mkwe hatutamwona tena hapa duniani. Ndiyo maana sisemi kuwa mwenye imani hapatwi na msiba. Hupatwa kama wengine. Sisemi pia kuwa kila tunachoomba tunapewa.

Wapo watakaosema kuwa napunguza nguvu za Mungu. Sivyo. Ni nani aliyewapa waganga akili? Luka, mwenzi wa Paulo, alikuwa mganga. Paulo mwenyewe alimshauri Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Watu hao walisali sana, wala hawakudharau tiba.

Taifa letu lilianza mpango wake wa kupambana na kifua kikuu na ukoma mwaka 1977. Dawa hutolewa bure. Siku hizi, kwa kawaida, matibabu ya kifua kikuu ni ya miezi 6. Mgonjwa akiziacha dawa katikati, vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu. Hapo ugonjwa huwa mgumu zaidi kutibu, na watu wa nyumbani huweza kuambukizwa. Kwa hiyo anayekohoa majuma 2 au zaidi akapimwe. Na wanaoishi na mgonjwa nao wachunguzwe, hasa watoto wadogo.

Imani ni mkongojo. Mkongojo humsaidia anayetembea. Aliyelala hauwezi kumfikisha popote. Mimi niliuegemea nilipokwenda hospitali, nilipokwenda shambani, na nilipokwenda kwa majirani kusema, "Tunakufa njaa." Bila mkongojo huo nisingefika. Lakini miguu ilikuwa yangu.

Ndugu msomaji, shida ikiingia nyumbani kwako, sali. Kisha fungua mlango, utoke.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mume wa mwandishi aliacha dawa? Wewe ungemwambia nini?
2. Kwa nini mtu huona haya kuwaambia majirani kuwa ana njaa?
3. Katika kijiji chenu, nani husaidia nyumba yenye mgonjwa? Mnaweza kufanya nini zaidi?